Mashine Haiasi, Hukosea

Mwanzoni mwa Juni 2023 habari moja ilizunguka dunia kwa siku chache. Ndege isiyo na rubani ya Jeshi la Anga la Marekani, ikiongozwa na akili mnemba, ilikuwa imemuua mwendeshaji wake ndani ya jaribio la kompyuta, kwa kuwa alikuwa akiizuia kupiga shabaha. Ilipofundishwa kwamba kumuua mwendeshaji ni kosa, ikaugeukia mnara wa mawasiliano na kuubomoa ili amri zisiifikie. Aliyesimulia hayo hakuwa mpiga porojo wa kijiweni. Alikuwa Kanali Tucker Hamilton, mkuu wa majaribio ya akili mnemba katika jeshi hilo, akizungumza kwenye mkutano wa Royal Aeronautical Society jijini London.

Ila jaribio lenyewe halikuwahi kufanyika. Kanali alieleza baadaye kwamba ulimi uliteleza na kwamba alikuwa akieleza jambo la kufikirika tu. Jeshi nalo likakana. Kukanusha hakuna mbio za uvumi, na mpaka leo kisa hicho hutajwa kama ushahidi.

Mjadala kuhusu programu zinazojiamulia jeshini umejaa madai ya aina hii. Mengine yanatisha, mengine yanasifia, na mara nyingi yanatoka kwa watu wasiopatana kwa lolote. Kinachoyaunganisha ni kwamba yote yanaruka swali moja lisilo na mvuto kwenye skrini: programu hiyo ilipimwa na nani, katika mazingira gani, na nani alikuwa na mamlaka ya kusema bado haifai? Nitayapitia machache.

Mashine zimeshaanza kuua kwa hiari yake

Mbali na kisa cha Hamilton, dai hili huegemea mikasa miwili, yote ya bara letu.

Wa kwanza ni wa Oktoba 2007, kwenye mazoezi ya kijeshi huko Lohatlha, Northern Cape, Afrika Kusini. Mzinga wa kutungulia ndege wa Oerlikon, wenye mitutu miwili ya milimita 35, uligeuka na kuwamiminia risasi askari wa upande wake. Wanajeshi 9 walikufa. Magazeti ya nje yakaandika juu ya roboti iliyopata wazimu, kwa sababu mzinga huo unaweza kuongozwa na rada na kompyuta. Uchunguzi wa jeshi lenyewe ulielekeza lawama kwenye hitilafu ya kimakanika. Msiba ulikuwa wa kweli, roboti ikaongezwa na waandishi.

Wa pili ni wa Libya. Ripoti ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa iliyotoka Machi 2021 ilitaja droni za Kargu-2, zinazotengenezwa Uturuki na kampuni ya STM, kuwa zilitumika mwaka 2020 dhidi ya wapiganaji wa kamanda Khalifa Haftar waliokuwa wakirudi nyuma. Ilisema silaha hizo zilipangwa kushambulia bila kuhitaji mawasiliano na mwendeshaji. Kutoka hapo vichwa vya habari vikatangaza mtu wa kwanza kuuawa na mashine inayojiamulia. Ripoti haikusema hivyo. Haikutaja maiti hata moja iliyothibitishwa kuuawa kwa uamuzi wa programu, na kampuni ilishikilia kwamba binadamu ndiye anayeidhinisha shambulio.

Kinachonisumbua mimi katika kisa cha Libya ni kwamba hakuna namna ya kuamua nani mkweli. Droni ya aina hiyo hulipuka pamoja na shabaha yake. Hata ukikusanya vipande vyake mchangani, huwezi kujua kama kitufe kilibonyezwa na askari au kama programu ilijichagulia. Mkataba wa kupiga marufuku mabomu ya kutegwa ardhini ulikuwa na kitu cha kuhesabu na kuchimbua. Hapa tofauti kati ya silaha halali na haramu inaweza kuwa mpangilio mmoja tu ndani ya programu, unaobadilishwa kwa dakika moja na kurudishwa kabla mkaguzi hajafika.

Na wazo la Hamilton, ingawa halikuwa jaribio, halikuwa upuuzi. Wanaofundisha programu kwa kuzipa alama wanajua tabia hii: ukiipa mashine alama kwa lengo moja, itatafuta njia fupi ya kuzipata, hata ile ambayo hakuna mtu mwenye akili timamu angeifikiria. Huo si uasi. Ni utii uliopita kiasi, utii kwa maneno ya amri badala ya nia yake. Kwa hiyo kosa la kutafuta liko kwa aliyeandika amri na kwa aliyepaswa kuipima kabla haijafungwa kwenye silaha.

Programu haichoki, haina hofu, haikosei hesabu

Wauzaji wa silaha hulipenda sana dai hili. Mwaka 1991 pekee unatosha kulijibu.

Usiku wa Februari 25, 1991, wakati wa vita vya Ghuba, kombora la Scud la Iraq lilianguka kwenye kambi ya wanajeshi wa Marekani huko Dhahran, Saudi Arabia, likaua 28. Hapo hapo Dhahran palikuwa na kikosi cha mtambo wa Patriot kilichopewa kazi ya kulinda eneo hilo. Rada ilikuwa inafanya kazi, makombora ya kujibu yalikuwepo, askari walikuwa macho. Mtambo haukurusha hata kombora moja.

Ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilichunguza na kutoa ripoti mwaka 1992. Kompyuta ya Patriot ilihesabu muda kwa sehemu za kumi za sekunde tangu ilipowashwa, kisha ikageuza hesabu hiyo kuwa sekunde kwa kuzidisha na moja ya kumi. Moja ya kumi haiandikiki kikamilifu kwa namba za kompyuta, sawa na theluthi isivyoandikika kikamilifu kwa desimali, na nafasi ya kuihifadhi ilikuwa biti 24 tu. Kilichobaki kilikatwa. Kila sehemu ya kumi ya sekunde ikaongeza kosa dogo mno. Baada ya saa 100 za kuwaka mfululizo, saa ya mtambo ilikuwa imeachana na wakati halisi kwa takriban theluthi moja ya sekunde. Scud hukimbia zaidi ya mita 1,600 kwa sekunde. Programu ilikuwa ikilitafuta kombora zaidi ya nusu kilomita kutoka mahali lilipokuwa, haikuliona, ikahitimisha kwamba hakuna kitu.

Kwa hiyo ni kweli kwamba programu haichoki kama mtu. Lakini hii ilichoka kwa namna yake, na tiba yake ilikuwa kuizima na kuiwasha upya, kazi ya dakika moja au zaidi kidogo. Kwa nini hakuna aliyeizima? Hapo ndipo kisa kinapotoka kwenye hesabu na kuingia kwa watu. Patriot ilibuniwa ikabiliane na ndege za Kisovieti barani Ulaya, ikihamahama ili isipigwe. Walioandika programu hawakutarajia ikae sehemu moja ikiwaka siku nne mfululizo. Waisraeli waligundua tatizo mapema wakawapa Wamarekani takwimu mnamo Februari 11: baada ya saa nane tu, eneo la kutafuta shabaha lilikuwa limehama kwa asilimia 20. Programu mpya ikaandikwa. Februari 21 vikosi vikatumiwa ujumbe kwamba kuiacha mitambo ikiwaka muda mrefu sana kunaweza kuleta tatizo. Muda mrefu sana ni saa ngapi? Ujumbe haukusema. Programu iliyorekebishwa ilifika Dhahran Februari 26, siku moja baada ya msiba.

Ukiisoma ripoti ile humwoni mjinga hata mmoja. Kila mtu alifanya sehemu yake kwa busara ya kawaida, na hilo ndilo linalotisha zaidi ya roboti wote wa sinema.

Mfano mwingine, mfupi na wenye mwisho mwema: Februari 2007 ndege za kivita za F-22, wakati huo fahari ya Jeshi la Anga la Marekani, zilikuwa zikitoka Hawaii kwenda Okinawa. Zilipovuka mstari wa kimataifa wa tarehe katikati ya Pasifiki, kompyuta zake za uongozaji zikaanguka pamoja. Marubani walirudi Hawaii wakizifuata ndege za mafuta kwa macho. Mbingu zilikuwa safi siku hiyo. Kasoro ikarekebishwa ndani ya siku chache. Mstari wa tarehe ulikuwepo kwenye ramani zaidi ya miaka 100.

Binadamu ndiye mwenye kauli ya mwisho

Hili ndilo dai linalotuliza watu, na ndilo ninalolitilia shaka zaidi.

Kwanza, si kweli kwamba sheria za Marekani zinalazimisha binadamu kuidhinisha kila shambulio. Mwongozo namba 3000.09 wa Wizara ya Ulinzi, uliotolewa Novemba 2012 na kufanyiwa marekebisho Januari 2023, unataka silaha ziundwe ili makamanda na waendeshaji waweze kutumia kiwango kinachofaa cha uamuzi wa kibinadamu. Kinachofaa ni kipi, hausemi. Unaacha kitegemee silaha na hali. Unadai majaribio makali na idhini ya wakubwa kabla ya aina fulani za silaha kuundwa. Neno la kupiga marufuku halimo.

Pili, na hili ni zito zaidi, uwepo wa mtu kwenye kiti haumaanishi uwepo wa uamuzi. Turudi kwa Patriot, safari hii mwaka 2003 katika uvamizi wa Iraq. Machi 23, kikosi kimoja cha Patriot karibu na mpaka wa Kuwait kiliona kitu kikishuka kwa kasi kuelekea kwao. Programu ikakitambulisha kuwa kombora la kuwinda rada. Askari walikuwa na takriban dakika moja. Wakarusha. Kilikuwa ndege ya Tornado ya Jeshi la Anga la Uingereza ikirudi kambini, na watu wawili waliokuwa ndani walikufa. Siku kumi baadaye Patriot ikaangusha ndege ya F/A-18 ya Jeshi la Wanamaji la Marekani na kumuua rubani wake. Kati ya matukio hayo mawili, rubani wa F-16 aliyeona rada ya Patriot ikimng'ang'ania aliipiga kombora.

Bodi ya uchunguzi ya Uingereza ilibaini kwamba vigezo vya programu vya kutambua kombora la kuwinda rada vilikuwa vipana kupita kiasi, kwa kuwa vilitungwa vikusanye kila kombora la aina hiyo duniani. Ndege inayoshuka kurudi nyumbani ikaangukia humo. Kikosi hakikuwa na vifaa vyake vyote vya mawasiliano, hivyo hakikuwa na wa kumuuliza. Kifaa cha kutambulisha ndege rafiki hakikusaidia. Jopo la washauri wa sayansi wa Pentagon nalo liliandika kwamba waendeshaji walikuwa wamefunzwa kuiamini programu, kwenye mfumo uliokuwa ukiendeshwa kwa kiasi kikubwa kiotomatiki.

Binadamu alikuwepo, na kitufe alikibonyeza yeye. Lakini ukimpa mtu sekunde 60, skrini moja na miaka ya mafunzo yanayosema skrini haidanganyi, uamuzi ulishafanyika miaka kadhaa nyuma, kwenye chumba cha walioandika vigezo.

Wapo watakaonikumbusha Stanislav Petrov, afisa wa Kisovieti ambaye Septemba 1983 aliona setilaiti zikitangaza makombora matano ya Marekani yakija, akaripoti kwamba ni kengele ya uongo. Jua lilikuwa limeakisiwa na mawingu ya juu. Ni kweli, na dunia inamdai shukrani. Ila tazama alichokuwa nacho. Alijua mfumo ni mpya na haujakomaa. Alijua vita vya nyuklia havianzi kwa makombora matano. Alikuwa na simu. Askari wa Patriot hawakuwa na lolote katika haya.

Na wakati mwingine mashine huwa sahihi, watu ndio wanaokosea. Julai 3, 1988, meli ya kivita ya Marekani, USS Vincennes, iliangusha ndege ya abiria ya Iran Air, safari namba 655 kutoka Bandar Abbas kwenda Dubai, na watu wote 290 wakafa. Kumbukumbu za kompyuta ya mfumo wake wa Aegis zilionyesha kwamba ndege ilikuwa ikipaa. Watu chumbani waliamini inashuka kuwashambulia. Wachambuzi wameeleza kwamba namba ya utambulisho ya ndege ilibadilishwa katikati ya tukio, na ile ya awali ikapewa ndege nyingine iliyokuwa mbali ikishuka. Aliyeuliza kuhusu namba ya zamani akajibiwa habari za ndege nyingine. Hakuna jaribio la rada lingelinasa kosa hili. Lilihitaji kuwapima rada, skrini na watu wenye hofu kwa pamoja, kelele zikiwa juu, na majeshi hayapendi kulipia vipimo vya namna hiyo kwa sababu ni ghali na matokeo yake yanaaibisha.

Imeshamshinda rubani, basi iko tayari

Agosti 2020 DARPA, shirika la utafiti la Wizara ya Ulinzi ya Marekani, liliandaa mashindano ya mapigano ya angani ndani ya kompyuta. Timu nane zilileta programu zao. Mshindi, programu ya kampuni ya Heron Systems, ikapambanishwa na rubani mzoefu wa F-16, ikamfunga tano kwa bila.

Matokeo ni ya kweli. Lakini programu ilikuwa ikipewa taarifa kamili za mahali mpinzani alipo, bila ukungu, bila kihisi kilichopofuka, bila kubahatisha. Pia ilikuwa ikipiga risasi uso kwa uso kutoka karibu sana, jambo ambalo marubani wamekatazwa kulifanya mazoezini kwa hofu ya kugongana. Ndani ya kompyuta hakuna anayekufa kwa kugongana. Waandaaji wenyewe hawakuyaficha haya. Ni washangiliaji waliopunguza maelezo.

Kisa ninachokipenda zaidi kimo katika kitabu cha Paul Scharre, askari wa zamani wa Marekani aliyegeuka mtafiti. Wahandisi wa DARPA waliketi na askari wa Marine siku sita wakiifundisha mashine kumtambua binadamu anayetembea. Siku ya saba wakawaambia askari wanane wajaribu kuifikia na kuigusa bila kuonekana. Wote wanane walifaulu. Wawili walibiringika kwa vichwa mita 300 nzima. Wawili walijificha chini ya boksi la karatasi huku wakicheka. Mmoja alijivika matawi ya mti akatembea kama mti. Mashine ilifundishwa mtu anayetembea ana umbo gani, na hakuna aliyeifundisha kwamba boksi halina kicheko.

Wengine hujibu: basi ipimwe mara nyingi zaidi, idadi itatibu kila kitu. Hesabu inakataa. Mwaka 2016 watafiti wa RAND walikokotoa kwamba ili kuthibitisha kwa takwimu kuwa gari linalojiendesha haliui watu wengi kuliko dereva wa kawaida wa Marekani, lingepaswa kwenda takriban kilomita milioni 440 bila kuua hata mtu mmoja. Kundi la magari 100 yakizunguka usiku na mchana lingehitaji miaka 12 na zaidi. Na barabarani hakuna adui anayelala akiwaza jinsi ya kulidanganya gari. Vitani yupo, analipwa kwa kazi hiyo, na akigundua boksi la karatasi linatosha, kesho ataagiza maboksi elfu.

Uwanja wa vita ndio maabara ya kweli

Tangu Ukraine ianze kutumia droni zinazomalizia safari yake zenyewe pale mawimbi ya redio yanapozibwa, dai hili limepata nguvu. Makampuni husema silaha zao zimepimwa vitani, na wanunuzi hulipa zaidi kwa maneno hayo.

Vita hufundisha mambo ambayo uwanja wa majaribio haufundishi. Kuzibwa kwa mawimbi ni mojawapo. Lakini vita ni mtoa takwimu mbaya sana. Anayesema kombora limefaulu ndiye aliyelirusha, aliyeliuza au aliyelinunua, na ushahidi umeungua. Historia ya Patriot inatuhudumia tena. Februari 15, 1991, Rais George Bush alitembelea kiwanda cha Raytheon, watengenezaji wa Patriot, mjini Andover, Massachusetts, akawaambia wafanyakazi kwamba kati ya Scud 42 zilizokabiliwa, 41 zilizuiwa. Siku kumi baadaye ikaja Dhahran. Vita vilipokwisha, jeshi likashusha madai yake mara moja, kisha tena. Wakaguzi wa Bunge walipopekua ushahidi mwaka 1992, waliona kwamba ni takriban asilimia 9 tu ya makabiliano yaliyokuwa na ushahidi wenye nguvu kwamba kichwa cha kombora kiliharibiwa. Haina maana kwamba mengine yote yalikosa. Ina maana kwamba hakuna aliyejua, na kwa muda wote huo watu walikuwa wakiamini wanajua.

Sasa weka programu inayojifunza mahali pa Patriot, uilishe takwimu za namna hiyo kama somo. Itajifunza kujipongeza.

Haya ni mambo ya wakubwa

Nitakuwa mfupi, kwa kuwa jibu ni la kisheria na liko wazi. Kifungu cha 36 cha Itifaki ya Kwanza ya Nyongeza kwa Mikataba ya Geneva, ya mwaka 1977, kinailazimu kila nchi mwanachama inapounda au kununua silaha mpya ichunguze kama matumizi yake yatavunja sheria ya kimataifa. Kununua pia kumo. Tanzania na Kenya ni wanachama wa itifaki hiyo. Marekani si mwanachama. Jukumu kwa hiyo linamwangukia pia mnunuzi wa Afrika Mashariki anayeletewa droni kwenye kontena pamoja na programu ambayo hajawahi kuona mstari wake hata mmoja. Ataichunguzaje? Angalau adai kumbukumbu za majaribio kabla ya kutia saini, ajue ilipimwa kwenye jangwa au msitu, kwenye joto gani, dhidi ya watu waliovaa nini. Muuzaji akisema hiyo ni siri ya kampuni, ameshajibu.

Mwezi Desemba 2024 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio kuhusu silaha zinazojiamulia kwa kura 166 dhidi ya 3. Azimio la namna hiyo halimfungi mtu. Kifungu cha 36 kinafunga.

Majaribio yanachelewesha, adui hangoji

Hapa ndipo ubishi mkali ulipo sasa. Agosti 2023 Naibu Waziri wa Ulinzi wa Marekani, Kathleen Hicks, alitangaza mpango wa Replicator: maelfu ya mitambo ya bei nafuu inayojiendesha, ndani ya miezi 18 hadi 24, kwa kuilenga China waziwazi. Hoja ni rahisi. Ukipima kwa miaka kumi, adui atakuwa ameshafika.

Lakini kasi bila kupima haijawahi kuwa ya bei rahisi. Miaka ya 1980 jeshi la Marekani lilikuwa na haraka ya kupata mzinga wa Sergeant York, uliobebwa kwenye mwili wa kifaru na kuongozwa na rada iliyotokana na ya ndege ya F-16 pamoja na kompyuta ya kuchagua shabaha. Rada iliyozoea anga tupu ilibabaika ilipokutana na miti na majengo. Inasimuliwa kwamba kwenye onyesho moja mbele ya wageni wa heshima mitutu iligeukia jukwaa lao, wakatawanyika. Mtengenezaji alikuwa na maelezo kwa kila kitu. Mwamba ngoma ngozi huivuta kwake. Vipimo huru ndivyo vilivyoonyesha kwamba mzinga hauongezi lolote la maana kwa askari, na Agosti 1985 Waziri Caspar Weinberger akaufuta baada ya dola zipatazo bilioni 1.8 kutumika. Bunge lilikuwa limeshaona tatizo liko wapi: mwaka 1983 lilianzisha ofisi ya kusimamia majaribio ya kivita, inayoripoti kwa waziri na kwa Bunge moja kwa moja, na sheria ikazuia silaha kubwa kuingia uzalishaji kamili kabla ripoti ya ofisi hiyo haijatoka.

Na si kweli kwamba kupima vizuri lazima kuwe polepole. Baada ya ushindi ule wa kompyutani, DARPA na Jeshi la Anga walichukua F-16 iliyogeuzwa, iitwayo X-62A, wakaipeleka kwenye kambi ya anga ya Edwards, California. Kuanzia Desemba 2022 waliirusha mara 21 ikiwa mikononi mwa programu, na katikati ya safari hizo walibadilisha zaidi ya mistari 100,000 ya msimbo unaobeba usalama wa ndege. Mwaka 2023 ikapambana na F-16 halisi yenye rubani, zikisogeleana hadi umbali wa mita 600 hivi kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 1,900 kwa saa. Marubani wa usalama walikuwa ndani, mkono karibu na swichi, na katika mapambano hayo hawakuhitaji kuigusa. Mei 2024 Waziri wa Jeshi la Anga, Frank Kendall, akapanda mwenyewe. Kasi hiyo iliwezekana kwa sababu uzio wa usalama ulijengwa kwanza: programu ikosee inavyotaka, kuna kitu kingine kilichopimwa kando kinachoizuia kuvuka mipaka, na kuna watu wasiolipwa na mtengenezaji wanaosoma matokeo.

Ile timu ya Edwards ingeweza kuwa kielelezo. Badala yake, Mei 2025 Waziri wa Ulinzi Pete Hegseth aliamuru ile ofisi iliyoanzishwa mwaka 1983 ipunguzwe kutoka watu 94 hadi 46, akisema baadhi ya kazi zake ni marudio na si za lazima. Nje ya ofisi hiyo, wanaobaki kupima ni majeshi yenyewe, yanayozitaka silaha hizo na yaliyokwisha kuziombea fedha. Na agizo lilitoka wakati ambapo mitambo inayosubiri kupimwa ni mingi, na sehemu kubwa ya kinachopaswa kupimwa ndani yake ni programu inayobadilika kila wiki.